SI KILA TUMBO NI CHANGO: pale ngozi inapokakamaa mpaka utumboni

Leo tuweke siasa kando kidogo, habari yenyewe ni ya tumbo. Najua wengine mnasoma hapa huku dakika za kafe zinayoyoma, kwa hiyo naanza na kisa kilichonifanya niandike, maelezo yanafuata.

Mama yangu mdogo ni mtu wa Kilwa Kivinje. Kwa miaka mingi alikuwa akiuza samaki, na kazi yake kubwa ilikuwa kupanga samaki kwenye kasha la barafu kabla gari la Dar halijaondoka. Akaanza kulalamika kuwa vidole vinakufa ganzi akigusa barafu. Sisi tukacheka, nani asiyekufa ganzi akishika barafu? Baada ya muda ngozi ya vidole ikawa ngumu, inang'aa, pete haivuki tena kiungo. Kisha akaanza kusema ugali haushuki, unakaa hapa kifuani mpaka ausukume kwa maji. Usiku kiungulia. Baadaye tumbo likawa linajaa hata akila kidogo.

Kwenye kituo kimoja aliambiwa ni vidonda vya tumbo, akala dawa miaka miwili. Mtaani wakasema chango. Wengine walipoona mikono imekakamaa na ngozi ya kifua ina madoa meupe, wakaanza kunong'ona ukoma. Kombe alikunywa, mizizi alikunywa, maziwa kila asubuhi alikunywa.

Siku moja tumbo likavimba kama ngoma. Hapati haja, hatoi upepo, anatapika kijani. Akakimbizwa hospitali, ambayo sitaitaja, na ikaamuliwa utumbo umejifunga, apasuliwe. Aliyebadilisha mambo ni daktari kijana aliyempa shikamoo na kumshika mkono. Akaushikilia ule mkono, akauliza, "Mama, hivi vidole vimeanza lini kuwa hivi?" Jamani, miaka yote ile hakuna aliyekuwa ameuliza. Upasuaji ukasimamishwa. Akawekewa mrija wa puani na dripu, na baada ya siku nne utumbo ukaachia wenyewe. Hakukuwa na kitu chochote kilichoziba. Ugonjwa wenyewe unaitwa skleroderma, na ni mmoja katika ukoo mzima wa magonjwa yanayoitwa magonjwa ya tishu unganishi.

Sasa tishu unganishi ndiyo nini? Mitepe ya zamani ya pwani yetu ilikuwa haipigwi misumari, mbao zilishonwa kwa kamba za mnazi. Ukiangalia kwa mbali unaona mbao tu, lakini kinachofanya chombo kiwe chombo ni kamba. Mwili nao uko hivyo. Kuna nyuzi, kubwa yao inaitwa kolajeni, zinazoshika ngozi, viungo, kuta za mishipa ya damu, mapafu, na pia kuta za bomba lote la chakula kuanzia kooni mpaka mwisho wa safari. Kamba zikiharibika, usitarajie sehemu moja tu ndiyo ivuje. Ndiyo maana mtu anaumwa vidole na tumbo, akatibiwa kama mwenye magonjwa mawili, kumbe ni mmoja.

Magonjwa haya yako ya aina mbili. Kuna ya kurithi, mtu anazaliwa na kamba dhaifu. Na kuna yale ambayo kinga ya mwili, badala ya kupambana na vijidudu, inageuka na kushambulia mwili wenyewe, mfano wa mgambo waliotumwa kufukuza vibaka wakaishia kuvunja meza za wamachinga. Kundi hili la pili ndilo lenye lupasi, skleroderma, ugonjwa wa misuli kuvimba, na ule ugonjwa wa baridi yabisi unaopinda viungo. Hayaambukizwi. Huwezi kuyapata kwa kula sahani moja na mgonjwa, wala kwa kulala naye. Wanawake ndio wanaopata zaidi: katika lupasi, wagonjwa karibu tisa kati ya kumi ni wanawake, wengi wakiwa bado katika umri wa kuzaa. Kwa hiyo wasichana mnaosoma hapa, hii si habari ya wazee.

Nianze na skleroderma maana ndiyo inayopenda tumbo kuliko zote. Kwa mwenye ugonjwa huu, tumbo kuguswa kwa namna fulani si jambo la nadra, ni kama wagonjwa tisa kati ya kumi, na mara nyingi mahali pa kwanza ni umio, lile bomba la kutoka kooni kwenda tumboni. Chakula hakidondoki tu kama jiwe kisimani, kinasukumwa na misuli kwa mawimbi. Skleroderma inaidhoofisha misuli ya sehemu ya chini ya umio, halafu inaingiza kovu. Kile kifunga-mlango cha juu ya tumbo nacho kinalegea, asidi inapanda juu usiku kucha. Kwa hiyo mgonjwa ana mambo mawili pamoja: chakula kinakwama kifuani, na kiungulia kisichokoma. Kikiachwa miaka, umio unababuka na kuwa mwembamba. Asidi nyingine inaingia hata kwenye mapafu, mtu anakohoa usiku, anapimwa kifua kikuu mara tatu, hakionekani.

Mchoraji maarufu Paul Klee alianza kuugua mwaka 1935, akafariki Uswisi mwaka 1940. Madaktari waliochunguza habari zake baadaye wanaona alikuwa na skleroderma. Miaka ya mwisho kumeza kulimshinda, ikawa ni vyakula vya majimaji tu. Wakati anaugua, jina la ugonjwa wake halikuwekwa wazi. Na huyo alikuwa Ulaya, mtu mwenye jina lake.

Kuna kitu kidogo hapa ambacho hata mtu asiye daktari anaweza kukitumia. Uliza chakula kinakwama wapi. Kikikwama kifuani, fikiria umio wa chini. Lakini kama mtu anapaliwa palepale kooni, maji yanarudi kupitia puani, sauti imebadilika, na huku anashindwa kuinua mikono kuchana nywele au kunyanyuka kwenye mkeka, huo unaelekea kuwa ule ugonjwa wa misuli, maana wenyewe unashika misuli ya juu, ya koo. Huyo ana hatari ya chakula kuingia kwenye mapafu na kupata nimonia. Asilazimishwe kula eti "ale apate nguvu". Apelekwe.

Tukishuka chini ya umio ndiko yanakoanza yale ya nadra.

La kwanza ni lililompata mama mdogo. Utumbo unalegea, unajaa hewa na maji, unavimba, na dalili zote ni za utumbo ulioziba, lakini hakuna kizuizi. Ni sawa na bomba la maji lisilo na pampu: njia iko wazi, kinachosukuma ndicho hakipo. Tatizo ni kwamba ukimpasua mtu wa namna hii bila sababu, unaweza kumwongezea shida, maana utumbo uliolegea unachelewa sana kuamka baada ya upasuaji. Kwa upande wa pili, mgonjwa huyuhuyu anaweza siku nyingine akawa na utumbo uliojisokota au kutoboka kweli, na hapo kisu ndicho kinachookoa. Ndiyo maana uamuzi ni wa daktari aliyepewa historia kamili, na kazi ya kumpa historia ni yetu sisi ndugu tuliomleta.

La pili linatokana na hilohilo. Chakula kikituama, bakteria wanaongezeka kwenye utumbo mwembamba ambako kwa kawaida huwa ni wachache. Wanakula chakula chako kabla yako. Mtu anaharisha choo chenye mafuta, kinachoelea na kunuka vibaya, anakonda, tumbo linanguruma. Hili lina dawa, ni antibiotiki zinazotolewa kwa mpango, si zile za kununua vidonge vinne dukani.

La tatu lina jina la kuchekesha. Madaktari wanaliita tumbo la tikitimaji. Wakiingiza kamera tumboni wanaona mistari myekundu ya mishipa ya damu iliyovimba, imepangwa kama mistari ya tikiti. Mishipa hiyo inavuja damu polepole, labda bila maumivu yoyote. Mtu anachoka, macho meupe, moyo unakwenda mbio akipanda ngazi. Huku kwetu mtu mwenye upungufu wa damu anapewa dawa ya minyoo, anapimwa malaria, anapewa vidonge vya madini ya chuma na kuambiwa ale matembele. Na mara nyingi ni sahihi kabisa, maana minyoo na malaria vipo. Lakini mwenye vidole vilivyokakamaa ambaye damu inapungua kila baada ya miezi mitatu, huyo anahitaji kamera. Mishipa ile inachomwa kwa kifaa kinachopita humohumo kwenye mpira wa kamera, damu inakoma.

La nne ni la ajabu zaidi: vipovu vya hewa ndani ya ukuta wa utumbo wenyewe. Vikipasuka, hewa inatoka na kujikusanya chini ya kiwambo cha pumzi, na kwenye picha ya eksirei inaonekana kama utumbo umetoboka. Daktari anashtuka, mgonjwa mwenyewe amekaa anaongea. Hapo tena historia ndiyo inayoamua. Yako na mengine, ila nisiwachoshe.

Sasa lupasi. Vijana wa hip hop mnamjua J Dilla, yule mtengeneza midundo wa Detroit. Albamu yake Donuts ilitoka tarehe 7 Februari 2006, siku aliyotimiza miaka 32, na siku tatu baadaye akafariki. Alikuwa na lupasi pamoja na ugonjwa adimu wa damu. Selena Gomez naye alitangaza mwaka 2017 kuwa amepandikizwa figo kwa sababu ya lupasi. Kwa hiyo ni ugonjwa unaotajwa, lakini ukitajwa watu wanafikiria figo, viungo na ule wekundu wa usoni unaofanana na kipepeo. (Kwenye ngozi nyeusi wala hauonekani mwekundu, ni kama weusi uliokolea au makovu, wengi wanadhani ni mkorogo umemharibu.) Tumbo halitajwi.

Na mara nyingi mgonjwa wa lupasi akiumwa tumbo, sababu ni ya kawaida: dawa za maumivu zimemchubua, au amekula kitu kibaya. Ila wachache, chini ya mmoja kati ya kumi, wanapata kitu kizito. Mishipa midogo inayolisha utumbo damu inavimba, utumbo unakosa damu, ukuta unajaa maji. Maumivu ni makali, ya ghafla, pamoja na kutapika na kuharisha. Kwenye kipimo cha CT-Scan utumbo ukikatwa kwa picha unaonekana una duara ndani ya duara, kama shabaha ya kulenga. Ukigundulika mapema na dawa za steroidi kutolewa kwa mshipa, wengi wanapona bila kupasuliwa. Ukichelewa, utumbo unakufa na kutoboka.

Kuna aina nyingine ya lupasi ya tumbo ambayo pwani ya Lindi inaweza kupotea kirahisi. Utumbo unavujisha protini ya damu. Protini ikishuka, maji yanatoka kwenye mishipa, miguu inavimba, tumbo linajaa maji, uso unavimba asubuhi. Sasa niambieni, Kilwa mtu akivimba miguu mnasema nini? Matende. Au figo, au moyo, au karogwa. Daktari akipima mkojo akakuta hauna protini, na moyo uko salama na ini liko salama, basi aulize protini inapotelea wapi. Inaweza kuwa inapotelea chooni. Kongosho nalo linaweza kuvimba kwa sababu ya lupasi, maumivu yakatokea mgongoni.

Yale ya kurithi nitayapitia haraka. Kuna aina moja ya ugonjwa wa Ehlers-Danlos, ile ya mishipa, ambapo kolajeni ya mishipa na utumbo ni dhaifu tangu kuzaliwa. Ni nadra sana, inakadiriwa mtu mmoja kati ya maelfu hamsini au zaidi. Ngozi ni nyembamba, mishipa inaonekana, michubuko inatokea bila sababu. Kijana mzima anaweza kutobokwa na utumbo mpana bila hata kupigwa. Kama kwenye ukoo wenu kuna vijana waliofariki ghafla kwa mshipa au utumbo kupasuka, mwambie daktari kabla hajakuingiza kamera ya njia ya haja kubwa, kwa sababu kwa hawa kamera yenyewe inaweza kutoboa.

Kwa nini huku tunachelewa kugundua? Watu wanasema umaskini, hospitali ziko mbali. Kweli, lakini mimi naona kuna sababu nyingine: pwani yetu ina magonjwa mengi yanayofanana na haya, na hayo mengine ndiyo mengi zaidi. Daktari akiona tumbo anafikiria minyoo, kichocho, amiba, vidonda, kifua kikuu cha tumbo, na mara nyingi anapatia. Akiona mkono uliopinda anafikiria ukoma, na mkoa wa Lindi ni kati ya mikoa ambako ukoma bado unaonekana. Tofauti ziko. Baka la ukoma halina hisia, ukiligusa na pamba mtu hasikii. Ngozi ya skleroderma ina hisia ila haikunjiki, ukijaribu kuifinya juu ya kidole hupati cha kushika. Madoa ya skleroderma kwenye ngozi nyeusi ni kama chumvi iliyomwagwa kwenye pilipili manga. (Na hata ingekuwa ukoma kweli, dawa zake ni bure na unapona, kunong'ona ni kwa nini?)

Hata ile dalili ya vidole kubadilika rangi kwa baridi, vitabu vinaandika vinakuwa vyeupe, kisha bluu, kisha vyekundu. Nani ataona bluu kwenye kidole cha Mmachinga au Mmatumbi? Angalieni kiganjani na kwenye kucha. Na baridi yenyewe Kilwa iko wapi? Iko kwenye barafu ya samaki, kwenye maji ya alfajiri kwa kina mama wa mwani, kwenye friji ya soda. Kwa hiyo dalili inayomwambia mtu wa Ulaya kila mwezi Januari kwamba kuna tatizo, huku inajificha.

Sasa naomba hapa msome taratibu, ongezeni hata dakika kumi za kafe.

Dawa kubwa ya mengi ya magonjwa haya ni prednisoloni, ile watu wanayoiita "predni". Ni dawa nzuri sana, imeokoa watu wengi. Lakini ni dawa ambayo huku kwetu mtu anaweza kuipata dukani kwa kumwambia muuzaji "nipe ile ya mzio" au "ile ya kunenepesha". Hatari zake kwa mtu wa pwani ni hizi.

Kuna mnyoo mdogo kama uzi unaoitwa strongiloidi. Anaingia kupitia ngozi ya mguu usio na kiatu, kwenye udongo wenye unyevu, na tofauti na minyoo mingine anaweza kuzaliana ndani ya mtu yuleyule na kukaa humo miongo na miongo. Kinga ya mwili inamshikilia, labda unawashwa tu au tumbo linasokota mara mojamoja. Ukimeza steroidi kwa wiki kadhaa, kinga inalala, mnyoo anaongezeka kwa kasi, anatoboa utumbo, anaingia kwenye mapafu na damu, akibeba bakteria wa choo mgongoni. Wengi wanaofikia hapo wanafariki. Na dalili za mwanzo ni tumbo kuuma, kutapika, tumbo kujaa! Yaani zinafanana kabisa na lupasi ya tumbo, ambayo dawa yake ni kuongeza steroidi. Unaona mtego ulivyo?

Dawa inayofaa zaidi kwa mnyoo huyu ni ivamektini. Albendazoli peke yake inafanya kazi kidogo. Watu wa Lindi wanaijua ivamektini bila kujijua, ni moja ya vidonge vilivyogawiwa mitaani pamoja na albendazoli katika kampeni za matende, mpango ambao nchini ulianza mwaka 2000. Lakini kidonge ulichomeza miaka hiyo si kinga ya leo. Kwa hiyo kabla hujaanzishiwa steroidi za muda mrefu, muulize daktari maneno haya haya: "Je, nipimwe au nipewe dawa ya strongiloidi kwanza? Na kifua kikuu je?" Kwa sababu kifua kikuu kilicholala nacho kinaamshwa na steroidi.

Hatari nyingine: steroidi zinaficha maumivu. Utumbo unaweza kutoboka na mgonjwa akasema "tumbo linauma kidogo". Ukichanganya na diklofenaki ya kila siku kwa ajili ya viungo, unatengeneza kidonda na kukifunika shuka. Na kwa mwenye skleroderma, steroidi za dozi kubwa zinaweza kuchangia figo kufeli ghafla pamoja na presha kupanda. Kwa hiyo predni si ya kupeana mtu na shangazi yake.

Lakini msikilize na upande wa pili, maana najua kuna mtu atasoma hapa na kwenda kutupa vidonge vya dada yake. USIACHE GHAFLA. Mwili ukizoea steroidi kutoka nje unaacha kutengeneza zake. Ukikata ghafla unaweza kuanguka, presha ikashuka, ukatapika, ukafa. Zinapunguzwa polepole na daktari.

Kuna dawa nyingine ya lupasi ambayo ni ndugu wa klorokwini, ile ya malaria iliyokuwa ikiwasha mwili, Tanzania iliacha kuitumia kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001. Huyu ndugu yake anaitwa haidroksiklorokwini, na ndiyo nguzo ya matibabu ya lupasi duniani. Mwaka 2020, wakati wa Korona, watu walizikimbilia hizo dawa mpaka wagonjwa wa lupasi nchi nyingi wakazikosa.

Safari ya matibabu ikoje kwa mtu wa Kilwa? Anaanzia zahanati au kituo cha afya, kisha Hospitali ya Kinyonga pale Kivinje, kisha rufaa kwenda Hospitali ya Mkoa ya Sokoine, Lindi. Wengine wa kusini zaidi wanakwenda Nyangao au Ndanda, hospitali za misheni za siku nyingi, na Mtwara sasa pana Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini. Mwisho wa yote ni Muhimbili, kama kilomita 300 kutoka Kilwa Masoko. Wa Songosongo ana bahari ya kuvuka kwanza. Gesi ya Songosongo inafika Dar kwa bomba tangu mwaka 2004, mgonjwa wa Songosongo bado anasubiri mashua. Haya, tuyaache. Na barabara yenyewe mnaikumbuka Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita, maji yakaikata pale Somanga, magari yakalala siku kadhaa pande zote mbili. Utumbo uliokosa damu hausubiri greda.

Kwa hiyo ukiwa ndugu wa mgonjwa, kuna dalili ambazo hutakiwi kusubiri kesho: tumbo limekuwa gumu kama ubao, au limevimba na mtu hapati haja wala upepo huku anatapika; choo cheusi kama lami au damu; maumivu makali ya ghafla kwa mwenye lupasi; homa na tumbo kuuma kwa mtu anayetumia steroidi, hata kama maumivu ni madogo; kupaliwa kila anapokunywa maji.

Na pale hospitali, usiseme tu "anaumwa tumbo". Andika kwenye karatasi ya daftari kabla hujatoka nyumbani: vidole vilianza lini, ngozi, viungo, nywele kukatika, vidonda vya mdomoni, kumeza, uzito uliopotea, mimba zilizoharibika, dawa zote alizomeza na mitishamba pia, bila aibu. Beba na maboksi matupu ya dawa. Kama tatizo lilianzia kwenye ngozi, kliniki ya ngozi ni mlango mzuri. Moshi, pale KCMC, kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanza mwaka 1992, na waganga waliosomea pale wanafanya kazi mikoa mbalimbali. Uliza kama hospitali ya mkoa wako inaye.

Nyumbani je? Mgonjwa wa umio ale kidogokidogo mara nyingi, akae wima saa mbili au tatu kabla ya kulala. Ugali mkavu wa muhogo ni mtihani kwake, uwe laini wenye mchuzi, au uji. Mfungo wa Ramadhani ni wa kuzungumza na daktari na pia na shehe wake, maana mgonjwa ana ruhusa yake. Kinachowaumiza wengi ni kushindilia futari nzito kisha kujilaza hapohapo, au kula daku na kurudi kitandani. Na barafu aache, au avae glavu nene.

Mama mdogo sasa hivi hauzi samaki, anauza maandazi. Kitanda chake tumekiinua upande wa kichwani kwa matofali mawili, maana mito peke yake inakunja tumbo na kupandisha asidi zaidi. Tumbo bado linamjaa mara mojamoja, na anameza dawa zake. Kwenye mkoba wake kuna ile karatasi ya daftari, imeshakuwa ya tatu, na kila akienda kliniki anaitoa kabla hajaulizwa.

Wenye ndugu wa namna hii huko Lindi, Mchinga, Kilwa na Mtwara, tuandikieni hapo chini mlivyohangaika na mlikosaidiwa. Maswali ya dozi nisiulizwe, mimi si daktari.